Plazma, amonia au chumvi: kuchagua njia ya kutia chuma naitrojeni

Mtu akileta shafti au kalibu na kuuliza kama plazma ni bora kuliko gesi, kabla ya kumjibu huwa namuuliza mambo mawili. Kipande ni cha chuma gani? Na kina matundu ya namna gani? Mara nyingi majibu hayo mawili tu yanatosha kuchagua tanuri, kabla hata ya kuzungumzia bei au siku za kusubiri. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu nimeona vipande vizuri, vilivyokerezwa kwa wiki nzima, vikiharibika kwa kuwa mwenye kipande aliitaka plazma kwa sifa yake, hali umbo la kipande lilikuwa linadai gesi.

Njia zote tatu, yaani plazma (gesi iliyowashwa kwa umeme), gesi ya amonia na bafu la chumvi iliyoyeyushwa, zina lengo moja: kuingiza atomu za naitrojeni kwenye uso wa chuma ili uso uwe mgumu na kiini kibaki na uimara wake wa kuvumilia vishindo. Kazi hufanyika kati ya nyuzi 480 na 580 za Selsiasi, na plazma inaweza kushuka hadi 350. Joto hilo liko chini ya nyuzi 590 au karibu na hapo, ambako mchanganyiko wa chuma na naitrojeni huanza kubadili umbo la fuwele zake. Kwa kuwa hakuna badiliko hilo, hakuna haja ya kuzamisha kipande chenye moto kwenye mafuta au maji, na kwa hiyo kipande hakipindi sana. Huu ndio utajiri wa naitrojeni ukiulinganisha na kaboni. Anayetia kaboni hupasha chuma hadi nyuzi 900 au 950, kisha hukizamisha ghafla, kikatoka kimejikunja, na ikabidi kisagwe upya ili kirudi kwenye vipimo.

Lakini kaboni nayo ina pake. Huingia milimita moja, hata mbili au zaidi, wakati tabaka la naitrojeni kwa kawaida huishia kati ya sehemu ya kumi ya milimita na nusu milimita hivi. Gia nzito inayobanwa kwa nguvu kubwa kwenye jino hupata mkazo wake mkali chini ya uso, si juu yake. Tabaka la naitrojeni likiwa jembamba mno, mkazo huo hufika kwenye kiini laini, na uso hubonyea au kumeguka kama ganda la yai lililowekwa juu ya mto. Kama gia yako ni ya aina hiyo, naitrojeni si dawa yake, iwe ya plazma au ya nyingine yoyote.

Chuma kwanza, tanuri baadaye

Naitrojeni peke yake haifanyi chuma kuwa kigumu sana. Ugumu mkubwa hutoka pale naitrojeni inapokutana na alumini, kromi, vanadi au molibdenamu iliyomo ndani ya chuma, zikaungana na kuwa chembe ndogo mno zinazozuia fuwele kuteleza. Ndiyo maana chuma cha kaboni kisicho na viungo hivyo hakipati faida kubwa ndani ya mwili wake: uso unaweza kupata ganda jembamba gumu, lakini chini yake ugumu huongezeka kidogo tu. Chuma cha kromi na molibdenamu kama kile cha daraja la 4140, kinachojulikana Ulaya kama 42CrMo4, hufika karibu 550 hadi 700 kwenye Vickers, kipimo cha ugumu. Vyuma vilivyotiwa alumini kwa makusudi ya kazi hii huvuka 900, na baadhi huvuka 1,000. Chuma cha makalibu ya moto cha H13 nacho hufika 1,000 na kupita.

Nambari hizo hazibadiliki sana kwa kubadili njia. Chuma cha 4140 hakitageuka kuwa H13 kwa sababu kimewekwa ndani ya plazma. Anayeahidi hivyo anauza mng'ao.

Juu ya uso hutokea matabaka mawili. La nje ni jembamba, mara nyingi maikroni (elfu moja ya milimita) 5 hadi 25, nalo huitwa tabaka jeupe kwa sababu huonekana jeupe chini ya hadubini baada ya kipande kukatwa na kupakwa asidi. Ni muungano halisi wa chuma na naitrojeni. Linapinga kutu na kupunguza msuguano, lakini ni kavu na huweza kumeguka kwenye kingo. Chini yake kuna eneo la mpenyo, ambako naitrojeni imejipenyeza katikati ya fuwele. Hapo ndipo uvumilivu dhidi ya uchovu wa chuma, yaani kupasuka kwa mizigo inayorudiwa, unapopatikana, kwa sababu eneo hilo hutaka kutanuka na kiini kinalizuia, hivyo uso hubaki umebanwa, na ufa huona taabu kuanza. Tofauti kubwa kati ya njia hizi tatu ni jinsi kila moja inavyokuruhusu kuamua aina na unene wa tabaka jeupe.

Kila njia inavyofanya kazi

Gesi ndiyo kongwe. Adolph Machlet, Marekani, aliomba hataza ya kutumia amonia mwaka 1908, na Adolf Fry wa kampuni ya Krupp huko Ujerumani aliiendeleza katika miaka ya 1920 kwa kutengeneza vyuma vilivyotiwa alumini na kromi ili vilingane nayo. Tanuri hufungwa, amonia huingizwa, na inapogusa chuma cha moto huvunjika: naitrojeni yake huingia kwenye chuma na haidrojeni hubaki kwenye gesi. Fundi wa leo hapimi tu amonia inayoingia. Hupima pia haidrojeni iliyopo ndani na kukokotoa nguvu ya gesi hiyo ya kusukuma naitrojeni kwenye uso. Akiidhibiti vizuri, anaweza kupata tabaka jeupe jembamba, au karibu asilipate kabisa. Asipoidhibiti, hupata ganda nene linalomeguka, na hapo ndipo sifa mbaya ya gesi ilikotoka.

Chumvi ni bafu la chumvi iliyoyeyushwa, kwa kawaida kwenye nyuzi 570 hadi 580. Chumvi hutoa naitrojeni na kaboni kidogo kwa pamoja. Kwa saa moja au mbili uso hupata tabaka jeupe la maikroni 10 hadi 20. Kwa kasi, hakuna anayeifikia.

Plazma ilianzishwa na Mjerumani Bernhard Berghaus katika miaka ya 1930, lakini ilichukua miongo kadhaa kabla ya vifaa vya umeme kuwa vizuri kiasi cha kuiamini viwandani. Hewa hutolewa kwa pampu mpaka tanuri libaki na ombwe, kisha huingizwa naitrojeni na haidrojeni kwa shinikizo dogo sana, kiasi cha milibari chache au pungufu ya hapo. Kipande huunganishwa na upande hasi wa umeme na ukuta wa tanuri na upande chanya, kwa volti mia kadhaa hadi karibu elfu moja. Gesi huwaka mng'ao wa zambarau unaokumbatia kila kipande kama shuka. Ayoni, yaani chembe za gesi zenye chaji ya umeme, hukimbilia kwenye uso, huupiga, huupasha moto, huubambua uchafu na oksidi, na huacha naitrojeni hapo. Mtu akichungulia kwenye kidirisha cha tanuri kwa mara ya kwanza, husahau kilichomleta.

Pale ambapo plazma haina mpinzani wa karibu

Kuna kazi moja ambayo ningepeleka kwenye plazma bila kusita: chuma kisichoshika kutu. Uso wake umefunikwa na oksidi ya kromi, ambayo ndiyo ngao yake dhidi ya kutu, na ngao hiyohiyo huizuia amonia isiingie. Ili gesi ifanye kazi, oksidi lazima iondolewe kwanza kwa kemikali na izuiwe isirudi. Plazma huibambua yenyewe ndani ya tanuri, na ndani ya ombwe hakuna oksijeni ya kutosha ya kuirudisha.

Jambo la pili ni joto. Chuma kisichoshika kutu kikitiwa naitrojeni kwenye nyuzi 500 au zaidi, kromi yake huungana na naitrojeni na kujitenga. Uso unakuwa mgumu, Vickers 1,000 na zaidi, lakini kromi iliyobaki haitoshi tena kujenga ngao. Kipande kinaanza kushika kutu, na mteja anadhani amedanganywa kuhusu chuma. Ukishuka chini ya nyuzi 450 hivi, naitrojeni hujipenyeza ndani ya fuwele na kuzitanua bila kuchukua kromi. Tabaka linalopatikana ni jembamba, maikroni kumi au ishirini hivi, lakini ni gumu na linaendelea kukataa kutu. Plazma hufika kwenye joto hilo la chini na bado ikafanya kazi, kwa sababu haitegemei moto pekee kuvunja gesi. Anayeagiza valvu au shafti ya pampu ya chuma hiki aandike joto la juu linaloruhusiwa kwenye karatasi ya kazi. Akiandika ugumu tu, fundi anaweza kuufikia kwa njia ya mkato ya kupandisha moto, na kipimo cha ugumu hakitamshtaki.

Faida nyingine ya plazma ni uhuru wa kuchanganya gesi. Ukitumia sehemu moja ya naitrojeni kwa tatu za haidrojeni, unapata tabaka jeupe la kawaida. Ukipunguza naitrojeni hadi asilimia tano hivi, unaweza kulizuia tabaka jeupe lisijitokeze na kubaki na eneo la mpenyo peke yake. Hiyo ni neema kwa kalibu la kumwagia alumini au la kufua chuma cha moto, ambalo hupashwa na kupozwa maelfu ya mara na halitaki ganda kavu litakaloanzisha nyufa. Gesi iliyodhibitiwa vizuri nayo huweza kukaribia hapo, ila huomba fundi makini zaidi. Chumvi haiwezi, kwa kuwa kazi yake yenyewe ni kujenga tabaka jeupe.

Halafu kuna suala la kuziba sehemu zisizotakiwa kuwa ngumu, kama nyuzi za skurubu. Kwenye plazma unafunika kwa kofia au bomba la chuma la kawaida: mng'ao usipofika, naitrojeni haiingii, na baada ya kazi unaliondoa bomba na kulitumia tena. Kwenye gesi hufunikwa kwa shaba au kupakwa rangi maalumu yenye bati, ambayo baadaye lazima isuguliwe. Kwa vipande vingi vyenye nyuzi, tofauti hii peke yake huweza kuamua.

Vipande vya unga wa chuma ulioshindiliwa na kuokwa navyo hufaa zaidi kwa plazma. Vina vinyweleo. Amonia huzama ndani ya vinyweleo na kukivimbisha kipande, na chumvi hubaki humo na kuanza kukila polepole.

Pale plazma inaposhindwa

Plazma huona uso ulio wazi. Tundu refu jembamba, hasa lililozibwa upande mmoja, halifikiwi vizuri na mng'ao, na kuta zake hubaki laini. Gesi hupenya kila mahali inapoweza kupumua, na hapo ndipo amonia inapojipatia heshima yake. Kama sehemu unayotaka iwe ngumu ni ndani ya bomba jembamba au kwenye mifereji ya mafuta, nenda kwenye gesi.

Tundu la upana wa kati lina balaa lake. Mng'ao wa ukuta mmoja unapogusana na wa ukuta wa pili, elektroni hunaswa katikati zikidundadunda, gesi humo ndani huwaka kwa ukali, na eneo hilo hupata moto kupita sehemu nyingine. Kipimajoto kilichowekwa mbali kinasema nyuzi 520, kumbe ndani ya tundu chuma kimeshalegea. Dawa ni kuziba tundu, au kubadili shinikizo: likipanda, mng'ao huwa mwembamba na huufuata ukuta bila kukutana na mwenzake. Fundi mzuri wa plazma atakuuliza vipimo vya matundu kabla ya kukubali kazi. Asipouliza, muulize wewe.

Joto ndiyo taabu nyingine. Kwenye tanuri la plazma la mtindo wa zamani, kipande hupashwa na mng'ao wenyewe. Kipande chembamba hupata moto haraka kuliko kinene, na kingo hupata kuliko sehemu bapa. Kuchanganya vipande vya ukubwa tofauti kwenye shehena moja ni kujitafutia lawama. Mambo mawili yamepunguza tatizo hili. La kwanza ni umeme unaotolewa kwa mapigo mafupi badala ya mfululizo, pamoja na kuta zinazojipasha zenyewe. La pili, lililokuja mwishoni mwa miaka ya 1990, ni kizimba cha wavu wa chuma kinachozunguka shehena: wavu ndio unaobeba volti kubwa na kuwaka, nao huvipasha vipande kwa mnururisho na kuvirushia naitrojeni. Kingo husalimika na joto huenea sawasawa. Ukiwa na shehena ya mchanganyiko na bado unataka plazma, uliza kama tanuri lina wavu huo.

Pia vipande kwenye plazma haviruhusiwi kugusana ovyo wala kurundikwa, kwa kuwa kila uso unahitaji nafasi ya mng'ao wake. Tanuri la gesi hubeba vipande vidogo vilivyopangwa kwa wingi kwenye kapu. Kwa maelfu ya pini na vishina vidogo, plazma hushindwa kwa hesabu ya kawaida kabisa.

Na usafi. Tone la mafuta ya kukerezea lililojificha kwenye tundu huchemka ndani ya ombwe na kuvuta cheche kali, ambayo hutoboa uso kama kichomelea. Niliwahi kutoa shafti iliyokuwa na shimo dogo la namna hiyo pembeni mwa tundu la mafuta, na hakuna kilichoweza kufanyika isipokuwa kuikereza nyingine. Tangu hapo, tundu lisilotoka upande wa pili nalisafisha mara mbili na kulikausha kwenye joto kabla ya tanuri kufungwa.

Kuhusu muda, maneno mengi hayana mizani

Husemwa kwamba plazma ni ya haraka mno kuliko gesi. Kuna ukweli, lakini mdogo kuliko unavyotangazwa. Plazma huanza kazi mapema kwa kuwa uso umeshabambuliwa, na kwa tabaka jembamba huokoa saa nyingi. Baada ya hapo, naitrojeni ikishaingia, mwendo wake ndani ya chuma hutegemea joto na aina ya chuma, na wala haijui ilitoka kwenye amonia au kwenye mng'ao. Kina huongezeka kwa kipeuo cha pili cha muda: ukitaka kina mara mbili, subiri mara nne. Kwa hiyo tabaka la nusu milimita ni kazi ya siku kadhaa kwa njia yoyote kati ya hizo mbili. Kazi za gesi za saa 20 hadi 80 ni za kawaida.

Chumvi hushinda kwa muda kwa sababu haijaribu kwenda kina. Kwa krenki ya injini, ringi au shafti ndogo inayotaka uso usiokwaruzika na usioshika kutu kwa haraka, saa mbili za chumvi hutosha, na ikioksidishwa mwishoni hutoka nyeusi na yenye kinga nzuri. Nakiri ubora wa matokeo yake. Ninachokiogopa ni bafu lenyewe. Hata mabafu ya kisasa hutengeneza sianidi yanapofanya kazi, maji ya kusuuzia lazima yasafishwe kabla ya kumwagwa, na kipande chenye unyevu kikitumbukizwa kwenye chumvi ya nyuzi 570, maji hugeuka mvuke papo hapo na chumvi huruka. Karakana isiyo na mtambo wa kusafisha maji taka haifai kugusa njia hii, hata kama bei inavutia. Amonia nayo ni sumu na huweza kuwaka, lakini pua humtahadharisha mtu mapema. Plazma hutumia gesi kidogo sana, na kinachotoka kwenye pampu ni naitrojeni na haidrojeni. Kwa majirani na kwa mafundi, hii ndiyo njia ninayoipenda.

Ukienda kuagiza

Njia yoyote utakayochagua, chuma kiwe kimeshaimarishwa kiini chake, yaani kupashwa, kuzamishwa na kupashwa tena kwa utulivu, na joto la upashaji huo wa mwisho lizidi joto la naitrojeni kwa nyuzi 30 hivi. La sivyo kiini kitalegea ndani ya tanuri huku uso ukiwa mgumu. Baada ya kukereza kwa nguvu, ondoa mikazo kwa moto kabla ya kipimo cha mwisho, kwa sababu kipande kinachopinda kwenye tanuri la naitrojeni mara nyingi kilikuja na mkazo wake kutoka kwenye mashine. Acha nafasi ya uso kukua kwa maikroni chache. Usipange kuusaga sana baadaye, maana utaondoa ulichokilipia.

Kwenye karatasi ya kazi andika aina ya chuma, ugumu wa kiini, ugumu wa uso, kina, unene wa tabaka jeupe unaoruhusiwa, na sehemu za kuzibwa. Kina hupimwa hadi pale ugumu unapozidi wa kiini kwa Vickers 50, basi taja hivyo ili msibishane. Kwa kazi za anga upo mwongozo AMS 2759/8 wa plazma na AMS 2759/10 wa gesi inayodhibitiwa. Na usikubali ugumu wa tabaka hili upimwe kwa Rockwell C, kipimo kingine cha ugumu: kilo 150 za mashine hiyo hupita kwenye tabaka na kusoma kiini. Omba Vickers ya mzigo mdogo, kilo moja au nusu. Weka pia kipande cha majaribio cha chuma kilekile ndani ya shehena, karibu na kipande chako na si mlangoni, ili kikatwe na kutazamwa kwa hadubini kabla hujafunga shafti yako mahali pake.